Daraja Walilolitaka Watu wa Kiwanja

Zamani mgonjwa aliombewa na watu waliokijua kikombe chake cha chai, lakini siku hizi anachekwa na watu wasioweza hata kulitamka jina la kijiji chake.

Jamleck Muiruri alitengeneza redio mjini Nakuru miaka thelathini na minane, na kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vilivyochanika. Alipozeeka aliweka mashine moja nyuma ya karakana yake kule Lanet, ikawa mtandao wa wakulima mia moja na arobaini wa viazi. Wakauita Kiwanja. Haukuwa na matangazo wala tajiri. Uliongea na mitandao mingine midogo, wa Molo, wa Kitale, kila mmoja na mwenyewe wake, kama majirani wanaosalimiana juu ya ua.

Kisha, katika mkutano wao kanisani, Natalie, katibu wao aliyesomea mambo hayo chuoni, akataka Kiwanja kiunganishwe na mtandao mkubwa wa ng'ambo. Programu moja tu, alisema, ingebeba maneno ya huku mpaka kule.

"Inaitwa daraja, mzee. Na mitandao midogo kama huu wetu, dunia inaiita fediverse."

"Hilo ni jina la dawa ya minyoo," Jamleck akasema, na ukumbi wa kanisa ukaangua kicheko. "Na darajani mtu huvuka akarudi. Hicho chako ni mfereji. Kitu kikiingia hukioni tena."

"Mzee, acha wivu!" akadakia Nyongesa, mmoja wa wakulima. "Tutauza waru, viazi vyetu hivi, mpaka Dubai!"

Wakapiga kura kwa mikono. Iliyopinga ilikuwa miwili, na mmoja ukashushwa kwa aibu.

Wamaitha, mkulima mwenzao, aliunga mkono. Aliamini daraja huvukwa na anayetaka, na asiyegusa kitu amebaki nyumbani. Mumewe Karanja alipolazwa, akaandika Kiwanjani kama alivyozoea kusema katika maombi ya Alhamisi sebuleni kwake: ugonjwa, wodi, picha ya miguu iliyovimba, na "mtukumbuke". Kabla jua halijatua daraja lilikuwa limeibeba picha mpaka kule bila kumwuliza, imetiwa muziki, wapumbavu wa kila bara wakishindana kuifanyia mzaha. "Mkulima amevuna viazi miguuni," mmoja aliandika, na maelfu wakampongeza.

Karanja aliiona kwenye simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Wamaitha, ni wewe umeniweka hapa?"

Mkewe akamfunika miguu kwa blanketi. Karanja akafariki Jumapili.

Jamleck aliposikia, aliing'oa ile programu kabla ya kunywa chai. Picha haikurudi. Aliyekuja ni Nyongesa, akifoka tangu langoni.

"Umetukatia watu wetu! Nilikuwa na wafuasi elfu tatu, mzee!"

"Wangekufuata wapi? Mpaka kaburini?"

Wiki haikuisha, wote wakahamia kule kwenye mtandao mkubwa, Natalie mbele. Kiwanja kikabaki na Jamleck, na salamu za mzee mmoja wa Kitale.

Mara ya mwisho Jamleck kuwaona ilikuwa shambani kwa Karanja, siku ya kumzika. Mchungaji alipowaita watupe udongo walisogea wote, konzi ya udongo mkono huu, simu mkono ule, wakirusha mazishi moja kwa moja kwa wale wale waliocheka. Wamaitha alikuwa amejifunika uso kwa leso. Natalie, simu imemlenga, akamwomba aishushe kidogo.