Nilivyompeleka mbwa kliniki ya watoto

Nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Nusu ya Bunda ilijua kabla jioni haijafika, na waliobaki wakaelezwa Jumapili kanisani, kwa hiyo hata nikiwaficha ninyi haisaidii kitu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, sabuni imerudi madukani na kila mtu anauza chochote, naye bwana mifugo mmoja mstaafu wa Musoma akaanza kutuletea chanjo za mbwa mara moja kwa mwezi, ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu ya wauza samaki (kabla ya hapo tulijua chanjo ya kichaa tu, tena serikali ikikumbuka). Mimi nilikuwa mwalimu, naishi Manyamanyama, pembeni mwa mji, na watoto watano wa mbwa wangu walikuwa wamekufa ndani ya wiki moja, wakitapika na kuharisha damu yenye harufu ambayo sijaisahau. Nilidhani wamelishwa sumu, nikanuniana na jirani bure. Bwana mifugo ndiye aliyenieleza kwamba ni kirusi, kinaitwa parvo, kinakaa kwenye udongo hata mwaka mzima, na huenda nilikileta mimi mwenyewe na viatu vyangu. Nilipopata mtoto mwingine kwa mdogo wangu Butiama, nikamwita Bahati, bwana mifugo akamchoma sindano ya kwanza na kunionya nimfungie ndani, nisugue sakafu kwa dawa ya kung'arishia nguo, na akitoka asikanyage chini mpaka amalize sindano zote. Nami nilimhitaji huyo mbwa, kwa sababu fisi walishanimalizia mbuzi watatu.

Basi siku ya sindano ya pili sikuwa na kikapu kinachomtosha. Nikamviringisha kwenye sweta, nikambeba mgongoni kwa kanga, nikamfunika kichwa, akalala. Bwana mifugo alikuwa akiondoka sokoni saa sita kamili barafu isije ikayeyuka, na kumkosa ni kusubiri mwezi mzima, huku mbwa wa sokoni wanakufa kila siku.

Karibu na hospitali nikakutana na Mama Bhoke, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, mtu ambaye akishalishika jambo hata mchungaji humpisha. Akauliza huyo mtoto ni wa nani. Nikaona aibu, mwalimu mzima nimebeba mbwa, nikasema ni wa mdogo wangu wa Butiama (na kweli alitoka kwake, sikudanganya sana). Akauliza mbona nimemfunika hivyo na jua lote hili. Nikasema tunazuia kuharisha.

Mama Bhoke alisikia "kuharisha" tu. Akamwekea mkono, akaomba palepale barabarani, kisha akanishika kiwiko.

"Mwalimu, kuharisha haisubirigi."

Kufumba na kufumbua niko kliniki ya watoto, akina mama wananipisha kwenye foleni kwa huruma, mmoja hata amenipa nafasi yake na mtoto wake analia. Kila nikifungua mdomo niseme ukweli, mtu ananipa pole. Nesi akauliza jina, nikasema Bahati. Umri? Miezi miwili na nusu. Akaandika yote kwenye kadi, akasema mgonjwa avuliwe, awekwe kwenye mizani, na Mama Bhoke akaifungua ile kanga kwa mikono yake.

Bahati akapiga mwayo, akamlamba kidevu.

Halafu mama mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Jamani, ana mkia," na hapo watu walicheka mpaka nesi akakaa chini. Mimi nililia, nikaeleza yote kwa pumzi moja, parvo, sindano, saa sita. Mama Bhoke peke yake hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, akamviringisha mbwa upya, akanisukuma mlangoni. Tulimkuta bwana mifugo anafunga chupa kwenye pikipiki, Mama Bhoke akasimama mbele ya tairi, na Bahati akachomwa sindano yake.

Mwezi mzima Mama Bhoke hakunisalimia. Nami niliapa kwamba nikiulizwa tena nimebeba nini, nitasema mbwa, anayetaka kucheka acheke. Siku ya sindano ya tatu, asubuhi, nikamwona anaingia uani kwangu na kanga begani, amekumbatia kitoto cha mbwa, akanigeuzia mgongo.

"Nifunge vizuri, Mwalimu, nimesahau jinsi ya kubeba. Na tukiulizwa njiani, wewe nyamaza. Nitajibu mimi."

Nikamfunga, nikanyamaza mpaka Bunda.