Mikono Miwili Kutoka Kadutu

Balthazar Bisimwa si shujaa, tuelewane mapema. Ni mpanga maboksi katika ghala moja la Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Corona ilipoingia na Wazungu wakaanza kupigana ngumi madukani wakigombea karatasi za chooni, Balthazar ndiye aliyekuwa akizipakia karatasi hizo kwenye malori, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Bukavu alijiona amebeba taifa. Msimamizi wake akamwita mfanyakazi muhimu. Umuhimu wenyewe uliishia kwenye barakoa za bure na keki ya Ijumaa.

Mke alikuwa naye. Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa Sydney na mke alikuwa Bukavu. Alimuoa Aline mwanzoni mwa mwaka 2020, wakakaa pamoja majuma machache, kisha akarudi Sydney kuandaa makazi huku viza ya mkewe ikishughulikiwa. Akanunua kitanda kikubwa. Kitanda kikafika, mipaka ikafungwa. Mwaka ukapita, ukaanza wa pili, na Balthazar bado alikuwa akilala upande wa ukutani, kwa sababu Aline alisema yeye anapenda wa dirishani. Shuka la upande wa dirishani lilikuwa jipya kama la dukani. Hata wakati wa kugeuka usingizini alikuwa hapiti mstari.

Sasa, jirani yake alikuwa bibi mmoja wa Kizungu aitwaye Beryl, mjane, mvutaji sigara, ambaye jina la Balthazar lilimshinda akaamua kumwita Baz. Beryl ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, kwa matusi. Katikati ya baridi ya 2021, wakati sisi wa magharibi mwa jiji tumefungiwa ndani na helikopta ya polisi inatupigia doria kama kuku walioiba mahindi, Beryl aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wakati anaingizwa kwenye ambulansi alimshika Balthazar mkono.

"Baz, mwangalie Darlene. Wiki moja tu."

Darlene ni kasuku. Si kasuku wa kijani wa kukaa kwenye picha ya kalenda. Ni lile dege jeupe la Australia, kubwa kama jogoo, lenye kishungi cha manjano kinachosimama likikasirika, na mdomo unaoweza kufungua kopo la maharage bila kuuliza kopo linataka nini. Lilikuwa linajua kusema tusi moja tu la Kiingereza. Sitaliandika hapa kwa sababu mchungaji wetu anasoma.

Kila jioni, saa ambayo Beryl alikuwa akiweka maji ya chai, Darlene alianza kulia. Anakimbia huku na huku juu ya kochi la Balthazar, anatazama mlango, anapiga kelele mpaka vioo vinatetemeka. Balthazar alimhurumia, akamnyooshea mkono apande. Darlene akapanda. Kucha zikashika ngozi kama kulabu za mwenye bucha. Balthazar akashtuka, akauvuta mkono, na hapo akaongezewa na kuumwa. Akajifunza kwa damu yake mambo ambayo wafugaji huyasoma vitabuni: kasuku akikuuma usivute, maana ngozi inachanika; na kishungi kikisimama, rudi nyuma na umkumbuke Mungu.

Alijaribu kujikinga. Alikata soksi za kuchezea mpira kwenye vidole akazivaa mikononi hadi kiwikoni. Darlene alizimenya kama ndizi. Alijifunga taulo, Darlene alifumua nyuzi moja moja, kwa utulivu wa mtu anayetoa shanga. Mwisho wa wiki mikono yake ilikuwa na mistari kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Na Beryl hakurudi. Alipelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee, na nyumba za wazee wakati huo zilikuwa zimefungwa, haingii mtu hatoki mtu.

Basi jioni moja Balthazar yuko kwenye simu na mkewe. Kwa Aline ilikuwa asubuhi, amekaa mbele ya cherehani yake, maana yeye ni fundi nguo soko la Kadutu, pale Bukavu, na mikono haitulii hata akiongea mapenzi. Balthazar akanyanyua mkono kujikuna kichwa.

"Baltha. Ule mukono, pandisha tena."

"Mkono gani?"

"Ule wenye unaficha."

Akaupandisha. Cherehani ikanyamaza.

"Nani amekukwaruza hivyo?"

"Ni Darlene tu."

Wanaume wa dunia hii wamejiangamiza kwa njia nyingi, ila wachache wametumia maneno machache namna hiyo.

"Darlene ni nani?"

"Wa jirani."

"Wa jirani! Na anafanya nini kwako?"

"Anaishi hapa. Lakini ni wiki moja tu, chérie. Imepita kidogo."

"Anaishi hapo!"

"Aline, ni ndege!"

"Ndege." Akaangalia pembeni kama anayemwonyesha shahidi asiyeonekana. "Bwana ya rafiki yangu Faida pale Brisbane alisema mwanamke wake ni binamu. Weye umezidi. Weye umeleta ndege."

Akafunga kamera. Kuanzia siku hiyo alipokea simu kwa sauti peke yake, na Balthazar alikuwa akiongea na kile kipicha cha duara cha Aline siku ya harusi, anacheka, kilichopigwa na mpiga picha ambaye hakujua anatengeneza kitu cha kumtesa mtu. Na maneno ya Aline yalikuwa mafupi: "Miye siwezi kukuja kwenye nyumba yenye kuko mwanamke mwingine. Kama ni hivyo, waambie wasimamishe viza yangu, nibaki na mashine yangu. Ao niambie kweli." Hakupiga kelele. Angepiga kelele Balthazar angelala.

Alivaa shati la mikono mirefu. "Kwa nini umejifunika?" akauliza Aline siku aliyokubali kumwangalia kidogo. "Kuna baridi," akasema. Ilikuwa Julai, kwetu Sydney Julai meno yanagongana, lakini nenda kamweleze hivyo mtu wa Bukavu mwenye wivu. Akampeleka Darlene mbele ya kamera kama ushahidi. Darlene, ambaye mchana mzima alikuwa amekula nusu ya fremu ya mlango, akainamisha kichwa akafumba macho, akaomba kukunwa shingo kama mtoto wa Sunday school.

"Huyu?" akasema Aline. "Huyu ndiye amekula mikono yako? Huyu malaika?"

Kamera ikafungwa tena.

Habari zilifika kanisani, kwani kanisa letu wakati huo lilikuwa ndani ya simu, na ndani ya simu hakuna siri. Mchungaji Révérien akaita maombi ya Zoom dhidi ya roho za nchi ya ugenini. Balthazar akajiunga, mikono amefungwa bandeji, Darlene yuko begani. Mchungaji alipofika pale pa kumwamuru adui aondoke, Darlene akatoa tusi lake, kwa ufasaha, mbele ya waumini wote. Mama mmoja akalia. Wengine tulizima kamera tucheke kwa heshima. Baadaye kwenye kundi la WhatsApp akashauriwa ajipake tangawizi.

Mtu aliyemwokoa Balthazar alikuwa Balthazar mwenyewe, na kwa upumbavu. Siku moja alirudi kutoka kazini na glavu za ghala, zile nene za kubebea mbao, rangi ya machungwa. Akampigia Aline. "Leo fungua kamera, nakuomba. Mara moja. Kisha ukitaka, nitawaambia wasimamishe." Sauti yake ilimtoka vibaya. Aline akafungua. Balthazar akaegemeza simu kwenye birika, akavaa glavu, akamfuata Darlene.

Kumbe kitu ambacho kasuku hakipendi duniani ni mkono uliobadilika. Mkono mtupu anaujua, una vidole, una chakula. Lile dubwana la rangi ya machungwa lilikuwa limekuja kumuua. Kishungi kikasimama. Mabawa yakafunguka yakaangusha birika, simu ikalala chali. Kwa hiyo kile Aline alichokiona kutoka Kadutu ni dari, kisha mume wake akipita mbio, kisha dege jeupe likimpita mume wake, likiruka glavu na kutua juu ya kiwiko, mahali palipo wazi, na kung'ata.

"Usivute!" Balthazar alikuwa akijiambia mwenyewe kwa sauti. "Bisimwa, usivute, usivute, mama yangu!"

Kisha akasikia kitu ambacho hakikuwa kimesikika ndani ya nyumba ile tangu mikwaruzo ya kwanza. Aline alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mafundi wa meza za jirani wakaja kuangalia. Balthazar akaokota simu, damu inatiririka hadi kwenye vidole, naye akasimama pale kama mjinga, anasikiliza, hataki hata kupangusa.

"Bon," akasema Aline, akifuta macho. "Toa hizo vitu mukononi. Unamtisha mutoto wa watu. Mukono uache wazi, akuone. Kitu cha kufunika ni hapa, toka hapa mpaka hapa." Akajishika kifundo na kiwiko. "Nguo ngumu, isiyo na vifungo, maana atakula vifungo. Nitakushonea."

"Subiri nitafute futi nipime."

"Unipimie nini? Miye naujua huo mukono."

Aline hapimi kwa futi. Tangu alipofundishwa na shangazi yake anapima watu kwa shubiri, kidole gumba na cha mwisho, akivitembeza juu yako kama jongoo, na hajawahi kukosea. Mkono wa mumewe aliupima katika yale majuma machache waliyokaa pamoja, si kwa ajili ya nguo. Akakata jinzi nzito, ndani akaweka kitenge ili isimchome, akaacha tundu la kidole gumba ili isirudi nyuma. Ni mikono miwili tu, haina shati.

Mikono ikapanda basi hadi Kigali, ikakabidhiwa mfanyabiashara hadi Nairobi, ikaingia kwenye sanduku la Chebet, muuguzi wa hapa Blacktown aliyekuwa ameruhusiwa kwenda kumzika baba yake. Chebet alipotua Sydney alifungiwa hotelini karantini, na mikono ikafungiwa pamoja naye. Fikiria: mkono wa Aline, ule wa nguo, ulikuwa umeshaingia Australia, umekaa ghorofani unaangalia bandari, na mwenyewe bado yuko Kadutu.

Balthazar alipoipata hakuivaa mara moja. Aliinusa kwanza. Kitambaa kilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na mkaa. Akaiweka kwenye upande wa dirishani wa kitanda, usiku mmoja. Mimi nilipoambiwa hivyo nilitaka kucheka nikashindwa.

Kesho yake akaivaa. Ikateleza ikamwangukia kwenye kifundo.

Akaivuta juu. Ikaanguka tena. Ilikuwa pana. Akageuza, akavaa wa kushoto kulia, ni vilevile. Hapo akasimama mbele ya kioo cha bafuni akaangalia mikono yake, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kuiangalia bila kutafuta majeraha. Kwa muda mrefu alikuwa akila tambi za kopo akiwa amesimama jikoni, kwa sababu meza ilikuwa na viti viwili.

Jioni ile alijaza soksi ndani ya mikono ndipo akapiga simu. Darlene akapanda, akatembea toka kiwikoni hadi kifundoni, akajaribu kung'ata, akakutana na jinzi, akatoa tusi. Hakuna damu.

"Umeona?" akasema Balthazar. "Imenikaa sawasawa!"

Aline alisogeza uso karibu na simu, kwa jicho lile la fundi ambalo mteja hawezi kulidanganya.

"Geuza. Mbona imevimba hapo?"

"Ndiyo mtindo."

"Toa hiyo soksi, Baltha."

Akaitoa. Mkono wa jinzi ukashuka polepole kama pazia. Aline akanyoosha mkono wake, akafungua shubiri, akaiweka kwenye kioo cha simu, akaikunja kidogo, akaikunja tena. Nyuma yake soko lilikuwa linapiga kelele zake za asubuhi.

"Miye sikosei," akasema mwishowe, taratibu. "Ule mukono ulikuwa hivi."

"Ulikuwa hivyo," akakubali Balthazar. "Ni mimi nimekosea." Akatafuta la kusema upesi. "Si neno. Kuna fundi mmoja wa Kikenya hapa Blacktown, Rispah, ni hodari. Nitampelekea aibane kidogo."

Kishungi cha Darlene kilikuwa kimelala. Kilichosimama ni cha Aline.

"Darlene nimemkubali," akasema. "Rispah, hapana. Mwanamke mwingine asiguse hiyo mishono. Usibane kitu. Kula! Kuko unga huko kwenu? Kuko maharagi? Kaa kwenye kiti, pika bugali, nikuone unakula. Kama viza yangu itatoka nikute mukono haujajaa, narudi na ndege ileile."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Weka simu kwenye kiti kingine. Hicho cha mbele yako."

Akaiweka. Akachemsha maji, saa ileile ya chai ya Beryl, na Darlene akasikia birika akaanza kulia akitazama mlango. Balthazar akamnyooshea mkono. Akapanda. Ikabidi mtu asonge ugali kwa mkono mmoja, huku wa pili umebeba dege zima la watu linalomlilia bibi wa watu, na kila akizungusha mwiko nguo ya Aline inateleza hadi kifundoni, naye anaivuta juu kwa meno.

"Koroga," Aline alikuwa akisema kutoka kwenye kiti. "Itashikamana. Koroga, bwana yangu."