Mizinga Iliyoponea Nyakakika

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya kilimo Kayanga, hata kiti sikukikalia. Mkuu wa Idara alinipa lenzi ya mkononi, akasema, "Bibi shamba, panda pikipiki. Nyakakika wanataka kuchoma mizinga."

Mizinga ilikuwa ya Mzee Kamugisha. Mibuni ya majirani ilikuwa inanyauka, na mtu alikuwa ameona mbawakavu, wale wadudu wenye mabawa magumu, wakitoka mzingani. Kesi ikaishia hapo. Tulikuta kuni zimekwisha kupangwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mkuu.

"Marahaba. Waitu, ndugu zangu, mizinga hii ndiyo imesomesha wanangu. Wakiichoma, nami wanichome."

Mkuu hakubishana na mtu. Kwetu watumishi alikuwa mkali, lakini kwa wakulima alikuwa mpole ajabu. Aliomba panga, akaomba na ruhusa ya kupasua mbuni mmoja uliokufa. Ndani, katikati ya unga wa mti, alikuwemo mbawakavu mwenye papasi ndefu kupita mwili wake. Papasi ni zile nyuzi mbili za kichwani ambazo mdudu hunusia njia. Kisha akapuliza moshi, akafungua mzinga. Mbawakavu wa humo walikuwa wadogo, papasi zao fupi, ncha zimevimba kama rungu. Na nyuki walikuwa wamewabana pembeni, wamewazungushia gundi, wanawalinda! Nilisahau hata kuogopa kuumwa.

"Huyu anakula mti," Mkuu aliwaambia majirani, akiwapitishia lenzi. "Huyu mdogo anaiba asali, na nyuki wamemfunga. Sasa mnataka kumchoma askari magereza?"

Walicheka. Zile kuni zikachoma mibuni iliyokufa, pamoja na funza wa mdudu yule waliokuwamo. Mzee Kamugisha alilia mbele yetu bila kujificha.

Baadaye nilihamishiwa Chonyonyo, kisha Kyerwa, chini ya wakuu wenye vyeti vizito. Niliwaheshimu, ila hakuna niliyempenda kama yule. Wengi walimtambua mdudu kwa kumtazama; yeye alitaka kwanza kuona alichokula.

Sasa nimestaafu, nafuga nyuki. Juzi jirani yangu alibisha hodi, bomba la dawa mgongoni. Migomba yake inaanguka, na ameona mbawakavu kwenye mizinga yangu.

"Bibi, niipulizie tu dawa, yaishe?"

Nilimwelewa Mzee Kamugisha kuliko siku ile. Niliingia ndani, nikatoka na panga na lenzi ile ile.

"Weka bomba chini, mwanangu," nilimwambia. "Twende kwanza kwenye mgomba wako."