Pointi ya Aliyefungwa

Katika saluni moja ya Yeoville, Johannesburg, wasusi wawili walishindania nafasi ya kazi ya kiti kimoja kwa kunisuka, kila mmoja upande wake wa kichwa changu. Wakamaliza pamoja. Kwenye televisheni, mchezo wa magongo ya barafuni nao ulikuwa sare.

“Mama, sasa inakuwaje?” nikamuuliza mwenye saluni, Mkongo anayeupenda mchezo huo.

“Wanaongeza muda. Wanabaki watatu watatu na kipa, bao lipatikane upesi. Atakayefungwa anapata pointi moja. Zamani alitoka mikono mitupu.”

“Amefungwa, na bado anapewa?”

“Eish, dada, si alipigana mpaka mwisho?”

Akawaongezea wasusi nao msuko mmoja mmoja, apatikane mshindi. Yule mdogo kati yao akachelewa kumaliza, akaanza kukusanya vitana vyake.

“Wewe unaenda wapi?” Mama akamwita. “Kila Jumamosi kiti ni chako.”

Nadhani aliyebadilisha sheria ile aliwahi kufungwa dakika za mwisho.