Mafeni Nyuma ya Ukuta wa Bi Ormerod

Kama kuna mtu aliyejua kupaza sauti katika mji wetu, basi ni Winifred Ormerod. Miaka yote aliyopika jikoni mwa shule ya msingi, alisimama nyuma ya dirisha la kugawia chakula, mwiko mkononi, na neno lake moja likavuka kelele za watoto na sahani mpaka mlango wa mwisho. "Rudi umalize kabichi!" Na mtoto anarudi. Nusu ya wanaume wenye vipara unaowaona leo sokoni walikula maini na vitunguu mkononi mwake, na wakimwona bado hunyoosha migongo.

Lakini sauti ile ilikuwa ya jikoni tu. Kwa mambo yake mwenyewe Winifred hakuwa na sauti kabisa. Ndivyo tulivyolelewa wote pale: ukiulizwa hali, hulalamiki. Siku bomba la jiko la shule lilipopasuka, maji yakamfika magotini, na mwalimu mkuu akaja mbio kuuliza kuna nini, Winifred alisimama mle ndani, sufuria zinaelea kama bata, akamjibu, "Si mbaya sana, asante."

Na jibu hilohilo ndilo lililokaribia kumponza uzeeni.

Supamaketi iliyokuwa nyuma ya bustani yake ilifunga mashine mpya za kupozea majokofu, masanduku ya chuma yenye mafeni makubwa, yananguruma kutwa kucha. Kufunga walifunga kwanza, kibali wakaenda kuomba baadaye. Wengine tulifunga madirisha tukanung'unika. Lakini Edwin, mume wa Winifred, hakuwa na dirisha la kufunga. Macho aliyapoteza kiwandani akiwa kijana, na bustani ile aliijua kwa masikio: kuku wake mkono wa kushoto, maji yakidondoka pipani mkono wa kulia, na mbele kabisa kengele ndogo aliyotundika Winifred juu ya benchi. Alitembea humo akipiga mluzi, ungedhani ana macho manne. Mafeni yalipowashwa kuku wakapotea, maji yakapotea, kengele ikapotea. Siku moja Winifred alimkuta amekwama katikati ya mawaridi, mikono inatoka damu, anageuka huku na huku.

"Winnie," alisema, "nani kahamisha bustani yangu?"

Winifred akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga toka mlango wa jikoni mpaka kwenye benchi, ili mumewe aishike. Edwin aliishika mara moja tu.

"Mimi si mbuzi," akasema. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake, na bustanini hakutoka tena. Mtu aliyekuwa hakai ndani hata kwa mvua.

Ndipo halmashauri ikamtuma binti mmoja kuwauliza majirani, kabla madiwani hawajakaa kuamua. Binti mwenye adabu zake, amelowa mvua mpaka nywele. Winifred akampa chai na keki.

"Kelele zinakusumbua, Bi Ormerod?"

Winifred akamtazama jinsi alivyolowa, akamwonea huruma. "Si mbaya sana, mwanangu. Ongeza sukari."

Binti akaandika hivyohivyo, akaaga.

"Umetuuza, Winnie," Edwin akasema toka kitini.

"Ningesemaje sasa? Mgeni wa watu, hata koti halijamkauka!"

"Ungesema kweli."

Winifred akaondoa vikombe. Lakini siku ya kikao alimvalisha Edwin suti yake ya kanisani, naye akavaa kofia yake ya buluu, wakaenda ukumbi wa mji mkono kwa mkono. Watu walijaa mpaka wakasimama ukutani. Mtaa mzima ulikuwa pale, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Roland Entwistle, kipara kinang'aa kama sahani.

Akaanza wakala wa supamaketi, kijana wa suti nyembamba aliyetoka mji mkubwa kusini. "Waheshimiwa, jirani aliye karibu kuliko wote, ambaye ukuta wake unagusana na mashine zetu, mwenyewe kasema si mbaya sana. Sisi ni nani tumpinge?" Akakaa, anatabasamu.

Ikawa zamu ya Winifred. Jirani hupewa dakika tatu, na mezani kuna taa: kijani sema, njano malizia, nyekundu kaa.

"Samahani sana kuwachukulia muda wenu," akaanza, sauti haifiki hata safu ya pili. Akashukuru kwa viti. Akashukuru kwa ukumbi kuwa na joto. Akasema anajua madiwani wana kazi nyingi. Jamani! Tulikuwa tunajikanyaga vidole kwa uchungu. Taa ikageuka njano.

Hapo Edwin akapayuka toka kitini: "Winnie! Kabichi!"

Winifred akakatiza shukrani zake. Akavuta pumzi mpaka kofia ikapanda.

"ROLAND ENTWISTLE! KAA WIMA!"

Mwenyekiti akakaa wima. Na madiwani wawili pembeni yake pia.

"Siku bomba lilipopasuka jikoni kwangu, mimi nilisema nini?"

"Ulisema si mbaya sana, Bi Ormerod."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Juu ya meza, Bi Ormerod. Nalia."

Ukumbi ukaangua kicheko, lakini yeye hakucheka.

"Basi na hii ni mbaya vilevile. Mume wangu haoni. Bustani yake ilikuwa masikioni, na haya mafeni yameichukua. Anakaa kitini kama mzigo uliosahaulika stesheni. Ni mbaya! Ni mbaya mno! Na nisingesema kama si..."

Taa ikawa nyekundu. Akakaa, Edwin akamkamata mkono.

"Mwenyekiti," wakala akaruka, "taarifa imeshaandikwa!"

"Kijana," Roland akasema, "huku kwetu mtu akikwambia si mbaya sana, unaita zimamoto."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Edwin mikono haioni, akawa anamuuliza mkewe.

"Wangapi wanawapa kibali?"

"Wanne."

"Na wanaokataa?"

"Wanne."

"Mbona kimya sasa? Winnie! Mbona kimya?"

"Imebaki kura ya Roland. Anafikiri."

"Mwambie afikiri haraka, nitamfia hapa!"

Roland Entwistle akanyoosha mkono wake juu, moja kwa moja, kama mtoto anayeomba kuongezewa kastadi. Kibali kimekataliwa. Mashine ziondoke ukutani, ziende upande wa barabara kuu. Winifred hakupata nafasi ya kumwambia Edwin, maana ukumbi ulilipuka, na yeye alishaanza kulia na kucheka pamoja.

Siku lori lilipoinua sanduku la mwisho, Edwin alisimama mlangoni pa jikoni na kofia kichwani. Winifred akasogea.

"Usinisogelee na kamba yako."

Akasikiliza. Kuku. Maji pipani. Kengele. Akateremka ngazi, hatua ya kwanza kwa woga, ya pili hivi hivi, kisha akaenda. Katikati akasimama.

"Yule kuku mweusi mbona anakohoa?" akauliza, akaendelea mpaka kwenye benchi, akalipiga kofi kama bega la rafiki. "Winnie! Lete chai!"

"Njoo uchukue mwenyewe!" Winifred akampigia ukelele uliofika mpaka supamaketi. Yeye hakuwa na nafasi. Mashati ya Edwin yalikuwa yamemjaa begani, mabichi, na kamba ile ya kuanikia ilikuwa imekaa pale muda mrefu mno bila nguo.