Tumbo la Papa Kwenye Benchi la Hospitali

Juma hili, katika hospitali moja hapa Kalemie, niliketi karibu na mzee mmoja, papa kama tunavyowaita wazee huku, na mke wake. Mzee anachomwa sindano za kansa ya tezi dume, na vifungo vya shati lake vilikuwa vimegoma kufungika. Daktari alipofika kwenye benchi letu, mama alilipapasa tumbo lile kwa fahari.

"Mwangalie, Dokta! Alikuwa mifupa mitupu. Sasa njo muntu, mtu kamili!"

Daktari, kijana mpole, alisoma majibu ya damu. "Mama, sindano inashika kansa, lakini inaweza pia kuongeza mafuta na kupandisha sukari. Yake imepanda. Bukari, ule ugali wenu, ipungue, na atembee kila siku."

Mkono wa mama ukaondoka tumboni taratibu. "Kumbe mimi njo namuua?"

"Hapana, Mama," mzee akasema. "Nilikuwa nashiba mapema. Nilimaliza sahani kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Kwetu mgonjwa akinenepa, majirani humshukuru Mungu, na hakuna anayeuliza habari za sukari. Tunapendana kwa kijiko.

Mama akamshika mumewe mkono, akamwinua. "Basi turudi kwa miguu, polepole. Hata mimi nimenenepa."