Mwinuko wa Barabara ya Kemper

Samansi zote za baraza la mahakama katika kaunti yetu hupita mikononi mwangu. Naitwa Neva Quillen, nina mwaka wa kumi na tisa nikiwa karani wa mahakama, na ukipata bahasha ya kahawia inayokuita uje ukae na wenzako kumi na mmoja msikilize kesi na kuamua kama mtu ana hatia, ujue ni ulimi wangu ulioilamba. Kwa hiyo visingizio nimevisikia vyote. Ng'ombe anazaa. Mgongo unauma. Bibi amefariki, bibi yule yule aliyefariki mwaka juzi. Bwana mmoja aliniletea cheti cha daktari wa mifugo, na mgonjwa alikuwa nguruwe wake.

Orval Dinsmore hakuleta kisingizio chochote. Laiti angeleta, hata cha nguruwe.

Orval aliendesha greda la kaunti kwa miaka ishirini na minane. Barabara zetu za vijijini ni za changarawe, na hakuna hata moja ambayo hakuipitia na lile jitu lake la chuma la rangi ya njano, polepole, akila mkate wa mayai kwa mkono mmoja na kushika usukani kwa mwingine. Tulisoma naye darasa moja. Hata utotoni alikuwa mtu wa kwenda kuangalia. Mwalimu akisema mto umejaa, wenzake tunaandika kwamba mto umejaa, yeye anarudi kesho yake na suruali mbichi. Kazini alikuwa vile vile. Ukimpigia simu kwamba kalvati limeziba, hakuamini mpaka ainame atie kichwa ndani. Mkewe, Dorene, alikuwa akisema, "Huyu nikimwambia chakula kimeiva, lazima kwanza afunue sufuria." Alisema hivyo kwa kujivunia. Siku hizi hasemi tena.

Kesi yenyewe ilikuwa ya Novemba 1987. Mzee Virgil Strope aliteketea ndani ya banda lake la trekta, na moto ule ulikuwa wa kuwashwa. Aliyeshtakiwa ni mpwa wake, Lonnie, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuja kutoka Kansas City wiki tatu tu kabla, nywele ndefu, hajui hata kupunga mkono barabarani. Kwetu usipopunga mkono watu wanakuwekea alama. Lonnie alisema jioni ile alikuwa mtoni akivua peke yake. Hakuna samaki wa kumtolea ushahidi. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja wa maana, jirani wa ng'ambo, Ardith Kemper, aliyesema kwamba jua likiwa bado halijatua alikuwa akiosha vyombo jikoni, akaona kwa dirisha pikapu jekundu la Lonnie limesimama kwenye geti la Strope. Zilionyeshwa picha mbili. Moja ya dirisha, na nyingine ya geti. Hakuna aliyepiga picha inayoonyesha vyote viwili.

Nilimwona Orval, pale kwenye viti vya baraza, akikunja uso. Nilidhani ni tai inamkaba.

Siku ya kwanza kabisa Jaji Haverty alikuwa amewapa wajumbe wa baraza maagizo yale ambayo mimi nayajua kwa moyo. "Kesi hii ni ya humu ndani ya chumba hiki," alisema. "Msiende mahali penyewe kuchungulia. Msisome magazeti. Msizungumze habari zake na mtu yeyote, si mke, si mchungaji, si mbwa, mpaka mimi mwenyewe niwaambie mmeachiliwa." Wajumbe wote kumi na wawili waliitikia kwa kichwa. Orval aliitikia kwa sauti: "Ndiyo, Mheshimiwa."

Jumapili, kesi ikiwa katikati, Orval alitoka kanisani, akamwacha Dorene kwa dada yake, akasema anakwenda kutia mafuta. Alisimamisha gari lake mbele ya nyumba ya Ardith Kemper. Akashuka, akasimama kwenye sanduku la barua, mgongo wake ukielekea dirisha la jikoni, akatazama mashariki kuelekea kwa Strope.

Barabara pale ilikuwa na mwinuko. Yeye aliufahamu kama ngazi za nyumbani kwake, maana kila mwaka alikuwa akiukwangua, lakini hakuwahi kuutazama akiwa upande ule wa dirisha. Geti halikuonekana. Hata nguzo zake hazikuonekana. Kilichoonekana ng'ambo ya mwinuko ni kichwa cha ghala la nafaka na mbingu.

Akageuka. Ardith alikuwa amesimama barazani, aproni kiunoni, anamtazama. Sijui alikuwa pale kwa muda gani. Alinyanyua mkono akapunga. Na Orval, kwa kuwa ni mtu wa kwetu na mkono wake ulikuwa umezoea, akapunga pia.

Jumatatu mchana wajumbe waliingia kwenye chumba chao kuamua. Mikono kumi na mmoja ikasimama kwamba Lonnie ana hatia, na sheria inataka yote kumi na miwili.

"Orval, umelala?" akauliza kiongozi wao, mwenye duka la mbegu. "Nina watu wananisubiri dukani."

"Sijalala. Mimi bado."

"Bado nini? Mama wa watu amemwona kwa macho yake!"

"Nilikwenda jana kuangalia," Orval akasema.

Kiongozi akanyanyua viganja vyote viwili. "Nyamaza hapo hapo. Usiongeze hata neno. Mungu wangu, Orval, siku sita nzima!"

Angeweza kudanganya. Angesema tu kwamba ameilima barabara ile miaka ishirini na minane na anajua mwinuko wake, na huenda angewageuza. Lakini Orval hakujua kusema nusu ya jambo, na kwa hilo nilimpenda na pia nilitamani kumzaba kibao. Kikaandikwa kikaratasi, nikakipeleka kwa jaji mimi mwenyewe.

Jaji alimwita chumbani kwake, pamoja na mwendesha mashtaka na Wakili Pruitt, aliyepewa na serikali kumtetea Lonnie. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu.

"Ulikwenda?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na nimeona kwamba—"

"Sitaki kusikia ulichoona! Neno moja zaidi nitakulaza ndani. Pita mlango wa nyuma, uende kwako, na ukumbuke nilichowaambia siku ya kwanza."

Pruitt hakuuliza kitu. Alikuwa na kesi katika kaunti tatu, na nadhani aliogopa kwamba Orval ameona jambo baya kwa mteja wake. Orval akatoka kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, masikio mekundu.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo palipo na roho ya mtu. Jaji alirudi mahakamani, akalivunja baraza, akawaambia wale kumi na mmoja: "Mmeachiliwa. Maagizo yangu yamekwisha, mko huru kuzungumza na mnayemtaka." Huo ndio utaratibu. Baraza likivunjwa, kifungo cha mdomo kinafunguliwa, kwa wote, hata kwa aliyefukuzwa. Mimi nililijua hilo. Kumi na mmoja walilisikia. Orval alikuwa kwenye maegesho akitafuta funguo zake, na wenzake walikuwa wamemkasirikia kiasi kwamba hakuna aliyempa hata habari ya hali ya hewa.

Lonnie alirudishwa rumande kungoja kesi ianze upya. Majira yote ya baridi Orval hakusema neno juu ya kesi ile. Hata kwa Dorene. Dorene aliniambia akila anaitazama sahani mpaka chakula kinaganda. Alipoteza rangi, akakaza mkanda matundu mawili.

Mwezi Machi ofisi ya barabara ikampa karatasi ya kazi. Barabara ya Kemper, ukatwe mwinuko, futi tano, kwa usalama wa basi la shule. Lilikuwa ombi la haki kabisa. Basi lilikuwa limenusurika ajali mara mbili pale. Aliyeweka sahihi kuomba ni Ardith Kemper. Sijui alikusudia nini, na sitamsingizia. Najua tu kwamba alikuwa ameishi mbele ya mwinuko ule miaka thelathini na moja bila kuulalamikia.

Siku iliyofuata Orval alikuja dirishani kwangu. Dirisha langu lina kioo, na kwenye kioo nimebandika tangazo: KARANI HATOI USHAURI WA KISHERIA.

"Neva," alisema, "mtu akiambiwa na jaji asiseme, hiyo amri inakwisha lini?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Orval, unajua kusoma?" Nikagonga tangazo kwa kalamu. "Katafute wakili."

"Kwenda kwa wakili si ndiyo kusema kwenyewe? Nataka kujua tu kama bado imenishika. Ndiyo au hapana. Tumekaa dawati moja, Neva."

Nami nilikuwa na hasira naye. Niseme ukweli wangu. Kwa ajili yake nilikuwa nimetuma samansi mpya tisini na kusikiliza visingizio tisini, na mwaka uliotangulia jaji alikuwa amenikemea mbele ya watu kwa kumjibu mama mmoja swali dogo kama hilo. Vilevile nilihisi kuna jambo zito nyuma ya swali lake, na sikutaka linidondokee mimi.

"Foleni ni ndefu," nikasema. Nyuma yake alikuwapo mtu mmoja, amekuja kulipa faini ya mbwa.

Orval akaitazama kofia yake. "Haya, mama," akaniambia, kama mtu anavyomjibu mgeni, akaondoka. Kazi ya siku mbili pale Kemper aliifanya kwa siku nne. Msimamizi wake alimkuta mara mbili amezima greda, amekaa tu.

Kesi ya pili ilikuwa Juni. Wakili Pruitt, aliyekaa kaunti ya jirani, safari hii aliamka. Aliomba baraza lipelekwe rasmi likajionee, akitumaini wataona ni mbali mno kumtambua mtu. Jaji akakubali. Tukapanda basi la shule, wajumbe kumi na wawili, karibu wote watu wa mjini, na mimi na daftari. Ardith alitufungulia mlango wa jikoni. Alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani na kuweka keki ya tufaha, ambayo jaji alimwambia aiondoe.

Nikasimama dirishani pamoja nao. Geti la Strope lilikuwa pale mbele yetu, wazi, mpaka kufuli lake lilionekana. Halafu nikatazama barabara. Kingo zake zote mbili zilikuwa udongo mbichi, hazijaota nyasi.

Nilielewa yote kwa mara moja, swali la Orval, siku zake nne, sahani iliyoganda. Jaji akasema, "Karani, andika kwamba baraza limeona geti." Watu kumi na wawili wananitazama, Ardith ananitazama, nami nikaandika: baraza limeona geti. Mwandiko ni wangu, mzuri, upo kwenye faili mpaka leo.

Lonnie alipewa miaka ishirini na miwili.

Jioni ya hukumu nilikwenda kwa Orval. Alikuwa kwenye ngazi za nyuma anafunga viatu.

"Ile amri," nikasema, "ilikwisha Novemba. Siku ile ile ulipotoka."

Hakunielewa mara moja. "Novemba?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilipokuja dirishani kwako Machi..."

"Ulikuwa huru, Orval. Ofisi ya Pruitt ya hapa mjini iko ng'ambo ya barabara tu. Ningekunyooshea kidole."

Aliifungua tena kamba ya kiatu aliyokuwa ameifunga. Asubuhi alikwenda kwa Pruitt akamweleza kila kitu. Pruitt alimsikiliza, akashika kichwa, akamwambia atajaribu rufaa, ila asitegemee: mwinuko haupo tena, karatasi ya kazi haisemi kama uliziba geti, aliyeukata ni yeye mwenyewe, na ni mjumbe aliyevunja amri ya jaji. Neno lake dhidi ya macho ya watu kumi na wawili.

Kutoka huko alipita dirishani kwangu. Nilikuwa nimekwisha kulibandua lile tangazo, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Hakuyangoja.

"Mimi usiniambie kitu," alisema. "Kamwambie Lonnie."

Gereza liko mwendo wa saa tatu kwa gari. Wageni wanaruhusiwa Jumamosi na Jumapili. Sasa ni mwisho wa Agosti, na sijaenda.